Wandugu Wawili wa Biro na Mikro Yangu

Nyinyi vijana munaopita mbele ya mulango wangu na simu mukononi, filamu inaongea Kiswahili peke yake ndani ya kiganja chenu, mimi ninawaangalia na ninacheka. Munafikiri Kiswahili kiliingia namna gani ndani ya vinywa vya wale Wazungu wa filamu? Hapa Kasongo, Kabambare, mpaka machimboni kule Lusangi, kiliingia kupitia mudomo huu. Si wa mutu mwingine. Mimi ndiye nilikuwa ninasimama kando ya televizyo na mikro, ninafasiri filamu papo hapo: mwanaume anaongea kwa sauti yangu, bibi yake anamujibu kwa sauti yangu, imbwa wa jirani anabweka kwa sauti yangu. Watu waliniita Mudomo, na mpaka leo sokoni wananiita hivyo. Masomo nilikomea darasa la ine. Ninasema bila haya. Wale waliofika mbali walikuwa wanakaa kwenye mabenchi yangu na kungoja mimi nifungue kinywa.

Sijazeeka. Meno yangu yote iko. Niliacha kazi kwa sababu sasa kila mutu anaangalia filamu yake peke yake, kichwa chini kama anayetafuta sindano, na mimi sikuzoea kusemea watu walioinama. Lakini musiseme kazi ile ilikuwa muchezo. Kaeni.

Aliyenifundisha ni Papa Saleh, mwenye nyumba ya video hapa Kasongo. Nilianza kwa kumubebea jenereta mugongoni, kisha nikamubebea televizyo, kisha siku moja koo lake likakauka katikati ya filamu na mikro ikaanguka mukononi mwangu. Sikuirudisha. Papa Saleh alikuwa na sheria chache, na zote alizisema kwa hasira. Kinywa cha filamu kikiwa wazi, chako kiwe wazi. Kikifunga, funga.

Hiyo niliielewa Nyangwe, mbele ya wavuvi. Mama mumoja ndani ya filamu aliongea, akalia, akapiga meza, akaongea tena, na mimi sikuwa nimeelewa hata neno. Nikasema tu: "Nimekasirika." Wavuvi wakasimama.

"Aah! Muongo! Huyu mama ameongea tangu tulipokaa, wewe unatupatia neno moja? Rudisha nyuma!"

Papa Saleh akarudisha. Mara hii nikamupa yule mama maneno ya kumutosha: mume aliyepotelea kwa bibi wa pili, nguruwe wa pori walioingia katika muhogo wake, mama mukwe asiyegusa chakula chake. Wavuvi wakatikisa vichwa. "Sasa njo tumemusikia."

Sheria ingine: angalia filamu kwanza bila sauti. "Kifaransa kitakudanganya," Papa Saleh alisema. "Mikono haidanganyi." Kwangu ilikuwa bahati, maana Kifaransa changu kilikuwa cha kusalimia tu. Na sheria iliyokuwa juu ya zote: ongeza chumvi unavyotaka, lakini usibadilishe nani anashinda.

Sasa ile filamu iliyonipatia jina. Ilikuwa ya vipande vingi, ya mambo ya zamani: wanaume na kofia na bretele za kushika suruali mabegani, magari yenye macho ya chura, simu ya waya inayokaa juu ya meza kama kuku anayeatamia. Yote inapita ndani ya biro, ofisi moja kubwa ya biashara. Muzee mumoja aliianzisha, akazeeka, na watoto wake wawili wanaume hawapatani. Basi. Hakuna bunduki, hakuna karate. Papa Saleh aliangalia kipande cha kwanza akapiga muayo.

"Hii utaonyesha nani? Watu wanaandika, wanafunga mulango, wanaandika tena."

"Papa, niachie."

Maana mimi niliona kitu. Vita ya biro haihitaji lugha. Angalia nani anafunga mulango na nani anafungiwa. Angalia nani anacheka wa kwanza, na nani anangoja mukubwa acheke. Anayembebea mwenzake karatasi anamuogopa. Anayeingia kwa mutu na kofia kichwani, huyo hamuogopi tena. Ukishika hayo, biro yoyote ya dunia unaweza kuifasiri. Yule muzee nilimuita Baba Kofia. Sekreteri wake nilimuita Mama Mashine, kwa sababu ya mashine yake ya kuandika iliyolia ta-ta-ta hata wakati watu wanalia. Na wale watoto? Aliyekaa kwenye kiti kikubwa nilimuita Yaya, mukubwa wa kuzaliwa. Aliyesimama mbele yake na karatasi nilimuita Mudogo.

Munajua wenyewe, kwetu huwezi kusema "hawa ni wandugu" na kunyamaza. Mutu atauliza hapo hapo: nani alizaliwa mbele? Usipojua hiyo, hujui nani atasemea ukoo kwenye matanga, hujui nani atampisha nani mulangoni. Filamu haikuniambia. Nikatumia akili: mwenye kiti njo yaya. Nani kati yenu angefikiri vingine?

Nikafunga televizyo ndani ya blanketi, nikaipakia kwenye pikipiki, nikaenda Kabambare. Ile barabara, kuna pahali pikipiki inakubeba, na kuna pahali wewe unaibeba. Kule nilipata hangari ya mutu, nikafunika madirisha na shitingi nyeusi, muchana ukawa giza. Kila siku ya Mungu, Jumapili, watu wakitoka kusali, wanakuja. Walikuja Wakristo na Waislamu, wakulima na wamama wa soko, lakini walioshika mabenchi ya mbele ni watu wa maofisi. Hao waliipenda filamu ile kuliko mupira. Walinisahihisha kwa sauti. "Mudomo, umesahau tampo! Barua haitoki bila tampo!" Nikaongeza tampo, ule muhuri wa wino. Baba Kofia akaanza kudai tampo mpaka kwenye barua ya mapenzi.

Katika watu hao wa maofisi alikuwamo yaya yangu, Assani. Tumbo moja. Yeye alisoma, Kifaransa kinamutoka bila kujikwaa, na alikuwa anafanya kazi katika biro moja pale Kabambare, ya nani sitasema. Kati yetu kulikuwa baridi. Siku dada yetu alipoolewa, Assani alisimama kututambulisha kwa wakwe, na alipofika kwangu akasema: "Huyu mudogo wangu anafanya mambo ya umeme." Mambo ya umeme! Mimi, ambaye watoto wa wale wakwe walikuwa wanaigiza sauti yangu njiani! Nilikula wali wao, nikanawa mikono, nikaondoka. Tangu siku hiyo tukawa watu wa "habari" na "muzuri". Na bado alikuwa anakuja kuangalia filamu. Anakaa nyuma kabisa, anatoka wa kwanza.

Mukubwa wa biro yake alikuwa kijana. Nitamuita Direkteri tu. Assani alimushinda miaka mingi, na ni Assani aliyemuonyesha kazi siku alipofika. Lakini Direkteri alikuwa na tabia yake: mbele yake hakuna anayekaa. Watu wenye mvi wanasimama na karatasi mukononi mpaka amalize kukoroga chai. Hayo mimi sikuyajua. Ninaapa. Mimi nilikuwa ninafasiri filamu.

Ikafika siku ya kipande cha matanga. Kipande hicho sikukiangalia mbele, maana pikipiki ilikuwa imekwama kwenye tope na nilifika mabenchi yamejaa. Baba Kofia amekufa. Mujane wake anafungua sanduku, anatoa picha ya zamani: mutoto mumoja mwenye miguu mirefu amembeba mutoto mwingine mugongoni. Anaweka kidole juu ya yule anayebeba, kisha anakinyoosha kwa mutu aliyesimama mulangoni. Ni Mudogo wangu! Anageuza kidole kwa yule anayebebwa, na kamera inamuonyesha Yaya wangu wa kiti kikubwa.

Mama Feza, muuza mawese, akasimama, mikono kiunoni.

"Mudomo! Tangu mvua ya kwanza unatuambia huyu njo yaya. Yaya anabebwa mugongoni?"

"Pengine alikuwa mugonjwa," mutu akasema, na watu wakaangua kicheko.

Mutu mwingine angeomba musamaha. Mimi? Nikasogeza mikro karibu na kinywa.

"Wandugu, mulidanganywa, na mimi nilidanganywa pamoja nanyi, maana huo njo wizi wake! Huyu ni mudogo. Alikalia kiti cha yaya yake, na alipokwisha kukaa akajiita mukubwa, na biro yote ikaogopa ikamuitikia!"

Hangari ikalipuka. "Hana haya hata kidogo?" Mama Feza alipiga kelele. "Na yule aliyembeba anasimama kila siku na karatasi?"

Kutoka mabenchi ya watu wa biro, sauti moja ikasema, si kubwa sana: "Kama sisi."

Aliyesema hakujulikana mpaka leo. Lakini vichwa viligeuka vyote pamoja, na vilimugeukia Direkteri, aliyekuwa amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki alicholetewa kutoka kwake. Hakungoja mwisho wa kipande. Na kesho yake soko lote lilikuwa limempatia jina. Mudogo amepita. Mudogo ananunua samaki. Mudogo amekasirika leo.

Wiki ile Assani akaja pale nilipopanga. Alisimama mulangoni.

"Karibu, yaya. Kaa."

"Sikuja kukaa. Umeniharibia."

"Mimi? Ni filamu."

"Filamu gani? Mimi ninasikia Kifaransa, nusu ya maneno yako haimo mule."

"Nusu ingine imo."

Alifunga macho kidogo, kama mutu anayehesabu pumzi. "Sikia. Direkteri aliniita. Anajua siku ya Mungu hii ni kipande cha mwisho. Anataka yule wa kwenye kiti umuite Yaya tena, useme ulikosea. Na yule mwingine umupigishe magoti, aombe musamaha. Anasema picha haitakataa, kwa kuwa sauti ni yako. Ukifanya, ninabaki na kazi yangu. Ukikataa, nitoke."

"Na wewe unataka nini?"

"Niko na watoto shuleni."

"Sikuuliza watoto. Nimeuliza wewe, Assani."

Aliangalia ukuta wangu, na hakukuwa kitu juu ya ule ukuta.

Vijana, ningeweza. Musifikiri ilikuwa kazi ngumu kwangu. Ningeweza kumupigisha yule mutu magoti huku amesimama wima, na watu wangeona magoti. Hiyo njo nguvu niliyokuwa nayo, na ndiyo sababu nilikataa. Muchimbaji anatoka Lusangi na udongo kwenye suruali, anakaa kwenye benchi langu, na hana mulango mwingine wa kuingia katika ile hadithi isipokuwa mimi. Nimuambie aliyeshinda ameshindwa, kwa ajili ya chai ya Direkteri?

"Naweza kumuongezea chumvi," nilimuambia. "Siwezi kumupigisha magoti mutu asiyepiga magoti."

"Basi mimi njo utanipigisha."

"Kazi iko kwangu, yaya. Njoo tufanye pamoja."

"Nibebe jenereta?"

"Mimi niliibeba. Haikuniua."

Akaondoka bila kuaga. Baba mudogo wetu akatuma neno kutoka Kasongo kwamba nimuheshimu mukubwa wangu na nifanye anavyosema. Nikarudisha neno kwamba ninamuheshimu, na sifanyi.

Siku ya Mungu ikafika. Watu walijaa mpaka nje, wengine wametoboa shitingi kwa kidole ili waone. Direkteri alikuwa mbele kwenye plastiki yake, na wafanyakazi wawili wa biro kando yake, wamesimama bila shaka. Assani aliegemea mulango, na shati yake ya kanisani. Kipande hicho nilikuwa nimekiangalia mbele, bila sauti, tena na tena. Nilijua kinamalizika namna gani. Wandugu wawili wako ndani ya biro kubwa. Mudogo wa kweli amekaa, anaongea, anaongea, anapiga meza. Yaya wa kweli amesimama, kofia mukononi. Anafungua kinywa kidogo tu. Anaweka funguo juu ya meza, anavaa kofia yake mule mule ndani ya biro, anatoka. Magoti hayamo.

Kabla sijawasha, Direkteri akageuza shingo. "Mufasiri. Uchunge."

"Ninachunga, Direkteri. Angalia mbele, picha iko huku."

Watu wakacheka, na nikaanza. Nilifasiri siku ile kama sijawahi kufasiri. Mama Mashine alilia, na mashine yake ikalia. Mudogo alipopiga meza, nilipiga bafle, lile sanduku la sauti, kwa ngumi, watu wakashituka. "Kiti ni changu! Biro ni yangu! Wewe ni nani hapa? Simama vizuri!" Kamera ikageukia Yaya. Kofia mukononi. Nikavuta pumzi ya kumusemea, na nikasikia mukono juu ya mikro.

Ni Assani. Alikuwa amepita katikati ya mabenchi na mimi sikumuona.

"Lete."

"Yaya, rudi mulangoni," nilimunong'oneza. "Hii ni kazi yangu. Wacha wanichukie mimi."

"Lete, nimesema."

Nikaiachia. Hakujua kuishika, aliiweka karibu na bafle, ikapiga filimbi mpaka watu wakaziba masikio. Sauti yake ya kwanza ilitetemeka. Ya pili haikutetemeka.

"Nilikubeba mugongoni," alisema. "Ulipofika hapa hukujua karatasi inakaa wapi, hukujua tampo inapigwa wapi. Mimi nilikuonyesha. Sikukuomba kiti. Kaa nacho. Lakini usinisimamishe tena kama mutoto aliyevunja chungu."

Ndani ya televizyo kinywa kilikuwa kimefunga zamani. Yule mutu alikwisha kuvaa kofia, yuko kwenye ngazi, anatupatia mugongo, hata kinywa chenyewe hakionekani. Assani alikuwa bado anaongea. Kwa sheria ya Papa Saleh nilipaswa kumunyang'anya mikro. Nilikunja mikono nikasikiliza.

"Na sikuja kuomba musamaha. Nilizaliwa mbele yako, na kesho pia nitakuwa nimezaliwa mbele yako."

Mama Feza akapiga kigelegele kilichotoboa bati. Direkteri akasimama, mwili wake ukafunika picha. "Assani! Kesho usifike!"

"Kaa chini, unatufichia!" watu wakamupigia kelele. Hakukaa. Alitoka akiacha kiti chake, na wale wawili wake wakabaki wamekiangalia, mpaka mumoja akajishusha polepole akakaa.

Sitawaficha: kazi ya Assani ilikwisha pale. Alilima muhogo musimu muzima, kisha akaja tukafasiri pamoja, na kwa Kifaransa chake tukajua mwishowe yule mutu wa kofia alisema nini hasa. Alisema tu: "Ninaenda." Basi. Sauti za wamama hakuziweza kamwe, alizifanya kama mbuzi. Ukoo wetu mpaka leo wanasema mimi nilimutoa yaya yangu katika biro. Waseme. Kwenye matanga wananinyooshea kidole, na mimi ninawaangalia usoni, ninaongeza wali. Nikirudishwa kwenye ile hangari leo, nitakataa tena, kwa sauti ya juu zaidi.

Lakini nyinyi hamukuona nilichokiona siku ile filamu ilipokwisha. Nilizima televizyo. Hakuna aliyeondoka. Assani alikaa juu ya bafle yangu, jasho limelowesha shati ya kanisani, na mikro hakuirudisha. Aliniangalia mbele ya soko lote la Kabambare.

"Mudogo," akaniambia. "Leta maji."

Mimi, mwenye televizyo, mwenye jenereta, ambaye watu walikuwa wananingoja nifungue kinywa, nilikimbia. Watu walipiga kelele, "Angalieni Mudomo anakimbia!" na mimi sikupunguza mwendo. Nilichukua kopo kwa Mama Feza, nikalijaza mpaka mudomoni, nikarudi nimelishika kwa mikono miwili, na nikasimama mbele yake mpaka alipomaliza kunywa.